Mkondo, Ukinzani na Joto: Lugha ya Umeme Mpakani Lwakhakha

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mkondo wa umeme unavyozalisha joto ndani ya kipitishi, kwa Kiswahili na kwa mifano inayohusu mji wa Lwakhakha ulio mpakani mwa Kenya na Uganda. Aidha, inachunguza maneno manne yanayotumiwa na wananchi na mafundi wanapozungumzia umeme, yaani stima, kula, waya wa moto na shoti, na kuonyesha yanaposaidia na yanapopotosha. Hoja kuu ni kwamba neno shoti limetwishwa mzigo wa takriban kila moto unaotokana na umeme, na kwamba matumizi hayo yanaficha chanzo kimoja cha moto ambacho fyuzi haiwezi kukizuia.

1.0 Utangulizi

Mto Lwakhakha huteremka kutoka Mlima Elgon na, katika sehemu ya safari yake, ndio mpaka kati ya Kenya na Uganda. Mji wenye jina hilohilo umekaa pande zote mbili za mto: upande wa Kenya uko katika Kaunti ya Bungoma, na upande wa Uganda uko katika Wilaya ya Namisindwa. Wabukusu wa ng'ambo hii na Wamasaba wa ng'ambo ile huelewana kwa lugha zao ambazo ni ndugu. Ama mgeni anayefika sokoni akitokea Kitale, Bungoma mjini au Mbale, yeye huenda moja kwa moja kwenye Kiswahili.

Umeme nao haujali mpaka huo. Ng'ambo zote mbili umeme wa nyumbani ni wa volti 240, na plagi inayotumika ni ileile ya miguu mitatu. Nchini Kenya, Mamlaka ya Usambazaji Umeme Vijijini iliundwa chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2006, na mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa kuwaunganisha wananchi waishio karibu na transfoma, ambapo ada ya kuunganishiwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000. Matokeo yake ni kwamba nyumba nyingi za vijijini ambazo hazikuwahi kuwa na umeme zimeupata kwa muda mfupi. Pasi, birika la umeme, koili ya kupikia na waya wa kurefusha vimeingia humo kabla ya maelezo ya namna vinavyofanya kazi.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Katika shule za sekondari za Kenya, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, fundi wengi hujifunza kazi kwa kumwangalia fundi mwingine na kuulizana naye kwa Kiswahili, na mama mwenye nyumba humweleza fundi kwa Kiswahili kwamba soketi yake inanuka. Kanuni ya kisayansi iko katika lugha moja na hatari iko katika lugha nyingine. Makala hii inajaribu kuvikutanisha viwili hivyo.

2.0 Istilahi za Msingi

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kwa hiyo, dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya fizikia lilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Lililobaki ni kuyatumia. Kwa madhumuni ya makala hii, istilahi zifuatazo zinatosha.

Kipitishi ni kitu kinachoruhusu umeme kupita kwa urahisi, kwa mfano shaba na alumini. Kihami ni kinyume chake, kwa mfano plastiki inayofunika waya. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita mahali fulani kwa kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Volti ni kipimo cha msukumo unaoufanya mkondo upite. Ukinzani ni kiasi ambacho kipitishi huuzuia mkondo, nao hupimwa kwa omu. Wati hupima kasi ya kutoa nishati: wati 1 ni juli 1 kwa kila sekunde.

Maneno mawili yanahitaji kutenganishwa mapema, nayo ni joto na halijoto. Katika mazungumzo ya kila siku neno joto hutumika kwa yote mawili. Kitaaluma, joto ni nishati, nayo hupimwa kwa juli. Halijoto ni hali ya kitu kuwa cha moto au baridi, nayo hupimwa kwa digrii. Joto la kiasi kilekile likimwagwa ndani ya pipa la maji halitambuliki hata kwa mkono, bali likimwagwa ndani ya kijiko cha maji huyachemsha. Tofauti hii itarudi katika sehemu ya 6.0, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama nyumba itaungua au haitaungua.

Neno ukinzani nalo linastahili kutazamwa kimofolojia. Shina lake ni kitenzi kinza, ambacho katika kauli ya kutendana huwa kinzana. Kauli hiyo huhitaji pande mbili: mmoja hawezi kukinzana peke yake. Mwanafunzi akiuliza ni nini kinachokinzana na nini ndani ya waya, atakuwa amekwisha kuingia katika kiini cha somo hili.

3.0 Kanuni ya Joule

Mtu aliyeipima kanuni hii kwa usahihi ni James Prescott Joule, aliyezaliwa mwaka 1818 mjini Salford, Uingereza, katika familia ya watengenezaji wa bia. Mnamo 1840, akiwa na umri wa miaka 21 hivi, alianza kuzamisha nyaya ndani ya maji, kupitisha mkondo ndani yake na kupima kwa kipimajoto jinsi halijoto ya maji ilivyopanda. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1841. Mwaka uliofuata, Heinrich Lenz aliyekuwa St Petersburg, Urusi, alifikia matokeo hayohayo kwa majaribio yake mwenyewe. Kipimo cha nishati, yaani juli, kimepewa jina la Joule.

Kanuni yenyewe ni fupi:

joto = mkondo × mkondo × ukinzani × muda

Yaani, muda ukiongezeka maradufu, joto linaongezeka maradufu. Ukinzani ukiongezeka maradufu huku mkondo ukibaki uleule, joto linaongezeka maradufu. Lakini mkondo ukiongezeka maradufu, joto linaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, joto linaongezeka mara tisa. Mkondo umeandikwa mara mbili katika kanuni, na hapo ndipo penye hatari.

Mfano wa birika la umeme la wati 2,000 unaweza kuithibitisha kanuni hii kwa hesabu. Kwa volti 240, birika hilo huvuta ampea 8.33, na ukinzani wa koili yake ni omu 28.8. Ampea 8.33 zikizidishwa kwa 8.33, kisha kwa omu 28.8, jawabu ni wati 2,000, yaani juli 2,000 kwa kila sekunde. Kilo moja ya maji huhitaji takriban juli 4,200 ili halijoto yake ipande kwa digrii 1 ya Selsiasi. Mjini Kitale, ambako ni takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100. Lita moja ya maji ya digrii 20 itahitaji kupandishwa kwa digrii 74, yaani kupewa juli 310,800. Birika lile litaikamilisha kazi hiyo kwa sekunde 155, yaani takriban dakika mbili na nusu, endapo hakuna joto linalopotea nje. Yeyote aliye na saa na birika anaweza kuijaribu hesabu hii nyumbani. Atakuta muda umezidi kidogo, na ziada hiyo ndiyo joto lililopotea kwenye ukuta wa birika na hewani.

4.0 Kinachotendeka Ndani ya Waya

Katika metali kama shaba, atomi zimepangika kwa utaratibu, na kila atomi imeachilia elektroni moja hivi inayozurura huru kati ya atomi zote. Pasipo msukumo wa volti, elektroni hizo huenda huku na huku bila mwelekeo, na jumla ya mwendo wao ni sifuri. Waya unapounganishwa na chanzo cha umeme, elektroni huanza kusukumwa kuelekea upande mmoja. Zinapoongeza kasi hujipatia nishati. Mara hugongana na atomi zinazotetema, na hupoteza nishati hiyo kwa kuziachia atomi. Elektroni husukumwa tena, hugonga tena, na mchakato huo hurudiwa mara nyingi mno katika kila sekunde.

Atomi zinazopokea nishati hiyo hutetema kwa nguvu zaidi. Mtetemo wa atomi ndio halijoto. Kwa hiyo, kusema kwamba waya umepata moto ni kusema kwamba atomi zake zinatetema zaidi kuliko awali. Pande mbili zinazokinzana, basi, ni elektroni zinazosukumwa na atomi zilizo njiani mwao.

Jambo linalowashangaza wengi ni mwendo wa elektroni zenyewe. Katika waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1.5, unaobeba mkondo wa moja kwa moja wa ampea 10, elektroni husogea kwa wastani wa nusu milimita tu kwa sekunde, mwendo ambao hata konokono huupita. Katika umeme wa nyumbani, ambao hubadili mwelekeo na kukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, elektroni hazisafiri hata kidogo bali huchezacheza palepale. Balbu huwaka mara swichi inapobonyezwa kwa sababu msukumo huenea katika waya wote kwa kasi kubwa mno, nazo elektroni zilizomo ndani ya balbu tayari huanza kusogea pamoja na nyingine zote.

Maelezo haya yanafafanua pia mambo matatu ya kawaida. Kwanza, waya mnene una ukinzani mdogo kuliko waya mwembamba wa urefu uleule, kwa kuwa mkondo una nafasi pana ya kupita. Pili, aina ya metali ina athari: mchanganyiko wa nikeli na kromu, unaotumika katika koili za kupikia, una ukinzani wa zaidi ya mara sitini kuliko shaba ya umbo lilelile, nao hustahimili kuwaka wekundu bila kuharibika upesi. Tatu, metali inapopata moto ukinzani wake huongezeka, kwa kuwa atomi zinazotetema sana hugongwa mara nyingi zaidi. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Waya uliokwisha kuelemewa, basi, hujizidishia mzigo wenyewe.

5.0 Mkondo wa Mto na Mkondo wa Umeme

Maji hufuata mkondo, na neno mkondo limetoka majini kabla ya kuingia katika umeme. Kwa mkazi wa Lwakhakha, ulinganisho uko mbele ya macho. Mteremko wa mlima ni kama volti. Wingi wa maji yanayopita chini ya daraja kwa sekunde ni kama ampea. Mawe na kona za mto ni kama ukinzani. Mteremko ukizidi, maji huenda mbio. Mawe yakizidi, maji hupunguza mwendo.

Ulinganisho huu haukomei katika lugha. Maji yanapoporomoka na kugonga mawe, nishati ya mwanguko wake hugeuka kuwa joto. Kazi za baadaye za Joule ndizo zilizoonyesha kiwango hicho: maji yakianguka mita 428 hivi, na nishati yote ya mwanguko ikabaki ndani yake, halijoto yake hupanda kwa digrii 1 tu. Ndiyo maana hakuna anayehisi kwamba mto unaoteremka Elgon unapata joto, ingawa unalipata.

Hata hivyo, kila ulinganisho una ukingo wake. Mto ukikatwa, maji humwagika. Waya ukikatwa, mkondo husimama. Mto hupeleka maji ziwani na hauyarudishi. Mkondo wa umeme sharti uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi, na kiasi kinachokwenda ndicho kinachorudi.

Ulinganisho huo unasaidia pia kueleza kwa nini nyaya za masafa marefu hubeba volti nyingi. Tangu miaka ya 1950 Kenya imekuwa ikiunganishwa na Uganda kwa njia ya umeme ya kilovolti 132 inayopitia Tororo, iliyojengwa ili kuleta umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mjini Jinja mwaka 1954. Kaskazini mwa Kitale, kituo cha Turkwel chenye uwezo wa megawati 106 hupeleka umeme wake Lessos kwa kilovolti 220. Sababu ya tarakimu hizi kubwa ni kanuni ya Joule. Chukulia njia ndogo yenye ukinzani wa omu 2, inayotakiwa kupeleka wati 24,000. Kwa volti 240, mkondo utakuwa ampea 100, na joto litakalopotea njiani ni 100 × 100 × 2, yaani wati 20,000. Zitakazofika ni wati 4,000 tu. Kwa volti 11,000, mkondo utakuwa ampea 2.2 hivi, na joto litakalopotea halitafika wati 10. Waya ni uleule na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba volti zimepanda na ampea zimeshuka.

6.0 Kanuni Inapoingia Nyumbani

Wanafunzi wengi hukwama katika swali hili: ikiwa ukinzani mkubwa huzalisha joto jingi, mbona birika lenye joto jingi lina ukinzani mdogo kuliko balbu? Balbu ya zamani ya wati 60 ina omu 960 inapowaka, ilhali birika la wati 2,000 lina omu 28.8 tu. Jibu ni kwamba maswali mawili yamechanganywa. Vyombo viwili vikiunganishwa kila kimoja na soketi yake, vyote hupata volti zilezile 240. Chenye ukinzani mdogo huruhusu mkondo mkubwa, na kwa kuwa mkondo unahesabiwa mara mbili katika kanuni, hicho ndicho kinachotoa joto jingi. Lakini vitu viwili vikifuatana katika njia moja, vyote hupitiwa na mkondo uleule, na hapo chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachopata joto zaidi. Birika na waya wake hufuatana. Ndiyo maana koili huchemsha maji huku waya ukibaki na uvuguvugu, mradi waya huo uwe mnene wa kutosha.

Sasa uchukuliwe waya wa kurefusha wa mita 10, wa aina nyembamba yenye milimita mraba 0.75. Mkondo huenda mita 10 na kurudi mita 10, na ukinzani wa shaba hiyo yote ni takriban nusu omu. Balbu ya wati 60 ikitumia waya huo, mkondo ni robo ampea, na joto katika waya mzima ni wati 0.03, ambalo halina madhara. Koili ya kupikia ya wati 2,400 ikitumia waya huohuo, mkondo ni ampea 10 na joto ni wati 50. Koili ya pili ya namna hiyo ikiongezwa, mkondo ni ampea 20 na joto ni wati 200. Mzigo umeongezeka mara mbili, joto mara nne. Waya huo ukiwa umenyooshwa sakafuni, hewa hulichukua joto. Ukiwa umeviringishwa au umefunikwa kwa zulia, joto halina pa kutokea na plastiki huanza kulainika.

Fyuzi imewekwa kwa ajili ya hali hiyo. Ni kipande cha waya kilichotengenezwa makusudi kiyeyuke kabla nyaya za ukutani hazijapata moto wa hatari. Kwa kuwa fyuzi na nyaya hufuatana, zote hupitiwa na mkondo uleule, na kilicho dhaifu huanguka kwanza. Anayeondoa fyuzi iliyoungua na kufunga mahali pake kipande cha waya mnene hajaiondoa sehemu dhaifu. Ameihamishia ndani ya ukuta, mahali asipopaona.

Hata hivyo, kuna hatari ambayo fyuzi haiioni. Skrubu ya soketi ikilegea, au nyaya mbili zikisokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, chuma hugusana na chuma kwa sehemu ndogo tu. Ukinzani wa mahali hapo unaweza kufika nusu omu, sawa na ule wa waya mzima wa mita 10. Kwa ampea 10, joto ni zilezile wati 50. Lakini sasa halijasambaa katika mita 10. Limekusanyika mahali padogo kama punje ya haragwe. Wati 50 ni nguvu ya pasi ya fundi wa redio ya kuyeyushia risasi. Joto ni lilelile. Halijoto ndiyo iliyopaa. Nayo fyuzi ya ampea 13 inaona ampea 10 zikipita, na kwa haki kabisa inanyamaza.

7.0 Maneno Manne

Neno la kwanza ni stima. Limetokana na Kiingereza, na lilitumiwa pia kwa meli iendeshwayo kwa mvuke kabla ya kuenea nchini Kenya kwa maana ya umeme. Tanzania hutumia umeme. Ng'ambo ya Uganda, Umeme lilikuwa pia jina la kampuni iliyosambaza nguvu hiyo kuanzia mwaka 2005 hadi mkataba wake ulipokwisha Machi 2025. Tofauti hizi hazileti madhara. Mtu wa Lwakhakha huyaelewa majina yote mawili.

Neno la pili ni kula, kama katika usemi kwamba pasi inakula stima. Usemi huu una ukweli nusu. Kinachotumika ni nishati, si mkondo. Ampea zinazoingia ndani ya pasi ndizo zinazotoka. Anayedhani kwamba mkondo umeliwa na pasi hudhani pia kwamba waya wa kurudi hauna kitu, na kwamba unaweza kuwa mwembamba au kuungwa ovyoovyo.

Dhana hiyo hukuzwa na neno la tatu, yaani waya wa moto. Mafundi huuita hivyo waya unaoleta umeme, kwa kuutofautisha na nyutro unaourudisha. Kama onyo dhidi ya kurushwa na umeme, jina hilo linafaa. Kama maelezo ya joto, linapotosha, kwa kuwa nyaya zote mbili hubeba mkondo uleule na hupata joto sawasawa. Kiungo kilegevu cha nyutro huchoma nyumba sawa na kiungo kilegevu cha waya wa moto.

Neno la nne, na lenye uzito zaidi, ni shoti. Nyumba ikiungua, sababu inayotajwa upesi ni shoti. Kwa maana yake halisi, shoti hutokea waya wa moto na nyutro zinapogusana bila kupitia chombo chochote. Ukinzani wa njia nzima ukiwa nusu omu, mkondo utaruka hadi ampea 480, na joto litazidi wati 115,000. Hali hiyo inatisha, lakini ndiyo ambayo fyuzi na swichi ya kujikata zimeundwa kuikata mara moja. Mahali palipofungwa vifaa hivyo sawasawa, aghalabu shoti huishia kwa mlio na giza.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo Kiswahili cha mitaani kinayaita kwa jina moja: shoti yenyewe, ambayo fyuzi huikata papo hapo, mkondo uliozidi, ambao fyuzi huukata endapo ni ya kipimo sahihi, na kiungo kilegevu, ambacho fyuzi haikioni kabisa. Vitatu hivi vikiitwa shoti, mwenye nyumba huamini kwamba fyuzi nzima ni kinga ya kutosha. Hatazami soketi iliyogeuka rangi ya kahawia, hajali harufu ya plastiki, wala hashtuki taa inapofifia kila birika linapowashwa. Ishara hizo humwita kwa siku au wiki kadhaa kabla ya moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ufa wenyewe hauna jina.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba joto la umeme hutokana na elektroni kuziachia atomi nishati yake, kwamba hukua kwa mkondo uliozidishwa kwa mkondo, na kwamba madhara yake hutegemea kama limesambaa au limekusanyika. Hakuna sehemu ya maelezo hayo iliyoshindikana kwa Kiswahili.

Yapo mambo matatu yanayopendekezwa. Kwanza, walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanaokusanya istilahi wasikae na kamusi peke yake. Wakae pia na mafundi, kwa kuwa fundi ndiye mwenye kuamua kama neno litaishi. Istilahi kama kiungo kilegevu na mkondo uliozidi ni nyepesi na hazihitaji kutafsiriwa kwa yeyote. Pili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viandae vipeperushi vifupi vya usalama wa umeme kwa ajili ya masoko ya mpakani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Karatasi moja inaweza kusomwa ng'ambo zote mbili za mto. Tatu, yeyote atakayegusa ukuta karibu na soketi na kuhisi joto, au kusikia harufu ya plastiki, azime swichi kuu kwanza, kisha amwite fundi mwenye leseni, na amwambie waziwazi: hapa pana kiungo kilegevu.

Fundi anayeambiwa hivyo huchukua bisibisi na kukaza skrubu. Fundi anayeambiwa kwamba kuna shoti hutazama fyuzi, huikuta nzima, na huenda zake.